Modeli Inapobadilika na Data Zimo Ndani

Programu ya wavuti inayotunza taarifa hubeba umbo la taarifa hizo mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye msimbo, ambako mwanaprogramu ameandika kwamba mwanachama ana jina, namba ya simu, wilaya na mkoa. Maelezo hayo ndiyo yanayoitwa modeli. Pa pili ni kwenye kanzidata, ambako kuna jedwali lenye safu ya jina, safu ya simu, safu ya wilaya na safu ya mkoa, na chini yake mistari, mstari mmoja kwa kila mwanachama. Maumbo hayo mawili hayana budi kulingana saa zote. Msimbo ukiitafuta safu ambayo jedwali halina, programu inakwama na mtumiaji anaishia kuona ukurasa wa hitilafu.

Kubadilisha msimbo ni kazi nyepesi: faili la jana linaondolewa, la leo linawekwa. Jedwali haliendi hivyo, maana limeshajaa. Ndani yake mna kazi ya miaka ya makarani, na sehemu kubwa ya taarifa hizo haipo mahali pengine popote. Uhamishaji wa data, kwa maana inayozungumziwa hapa, ni kulitoa jedwali kwenye umbo la zamani na kulifikisha kwenye umbo jipya bila kupoteza wala kuharibu kilichomo.

Mabadiliko hayo si lazima yatokane na uzembe wa aliyebuni modeli. Mara nyingi ni dunia yenyewe inayobadilika. Tuseme kuna programu inayotunza orodha ya wakulima wa kahawa wa Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania. Mwaka 2015 Mbozi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mbeya, na kila mkulima aliandikwa hivyo. Januari 2016 ukaanzishwa Mkoa wa Songwe, ukazichukua Mbozi, Momba na Ileje kutoka Mbeya. Hakuna mkulima aliyehama nyumba, lakini safu ya mkoa ikawa imepitwa na wakati kwa usiku mmoja. Kenya nayo ilipitia jambo kubwa zaidi pale mikoa 8 ilipoondoka na kaunti 47 za Katiba ya 2010 zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kila mfumo uliokuwa na kisanduku cha mkoa ulilazimika kuguswa.

Njia kongwe ya kufanya kazi hii ni ya mkono. Msimamizi anaingia kwenye seva, anaandika amri ya SQL, lugha ya kanzidata, ya kuongeza safu, anahakikisha programu inafunguka, anatoka. Kwa programu ndogo yenye mtu mmoja, njia hii inafanya kazi, na ndiyo maana haijafa. Ubaya wake huonekana baada ya miezi kadhaa. Kompyuta ya mwanaprogramu ina jedwali la namna moja, seva ya majaribio ina la namna nyingine, na seva inayotumiwa na watu ina la tatu. Hakuna kumbukumbu ya nani aliongeza nini wala lini. Msimamizi akiacha kazi, historia ya kanzidata inaondoka naye.

Njia ya pili ni kufuta jedwali na kuliunda upya kutoka kwenye modeli. Hii inafaa wiki za mwanzo tu, kabla mtu yeyote hajaingiza taarifa ya kweli. Fremuweki (kiunzi cha kujengea programu za wavuti) ya Django, iliyozaliwa kwenye gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, na kutolewa kwa umma mwaka 2005, ilianza na amri iliyounda majedwali yaliyokosekana na kuyaacha yaliyokuwepo kama yalivyo. Mwanaprogramu akiongeza kipengele kwenye modeli, amri hiyo haikugusa chochote. Aliyebaki na data alijitafutia mwenyewe namna ya kuvuka.

Njia iliyoshinda ni ya kuandika kila badiliko kwenye faili lake. Faili moja linasema: ongeza safu ya kijiji. Linalofuata linasema: unda jedwali la mizani. Mafaili hayo yanatunzwa pamoja na msimbo wa programu, yanapitiwa na wanaprogramu wengine kama msimbo mwingine wowote, na yanatekelezwa kwa mpangilio uleule kwenye kila kompyuta. Ndani ya kanzidata panawekwa jedwali dogo la kumbukumbu lenye orodha ya mafaili yaliyokwisha kutekelezwa. Toleo jipya linapofika, kifaa cha uhamishaji kinasoma orodha hiyo, kinaona kipi hakijafanyika, kinakifanya, kisha kinakiandika. Ruby on Rails, fremuweki ya David Heinemeier Hansson, ndiyo iliyoufanya utaratibu huu uzoeleke. Toleo lake la 1.0 la Desemba 2005 lilikuwa nao tayari. Django iliupata kwa mlango wa nyuma: Andrew Godwin aliandika nyongeza iitwayo South mwaka 2008, akachangisha fedha kwa umma kupitia Kickstarter mwaka 2013, na Septemba 2014 utaratibu uliojengwa upya ukaingia ndani ya Django yenyewe, toleo la 1.7. Wanaotumia Java wana Flyway na Liquibase, wa PHP wana Laravel, na wanaotumia SQLAlchemy wana Alembic. Majina ni mengi, wazo ni moja.

Mpangilio wa mafaili una mgogoro wake. Rails ilianza kwa namba za kufuatana: 1, 2, 3. Wanaprogramu wawili wakifanya kazi siku moja, wote walitengeneza faili namba 14, na mafaili hayo yakagongana. Ndiyo sababu toleo la 2.1 la mwaka 2008 liliacha namba na kutumia tarehe na saa ya kuundwa kwa faili. Django ilichagua njia nyingine: kila faili hutaja faili linalolitegemea, na mafaili mawili yakitokana na mzazi mmoja, kifaa kinagoma mpaka mtu akubali kuyaunganisha. Njia ya Django ni bora, kwa sababu inamlazimisha mtu aangalie kama mabadiliko hayo mawili yanagombana, badala ya kuyapanga kwa saa na kutumaini heri.

Django pia huandika mafaili hayo yenyewe. Inalinganisha modeli za sasa na historia ya mafaili yaliyopita, inaona tofauti, inapendekeza hatua. Hapa ndipo pa kuwa macho. Tuseme mwanaprogramu amebadilisha jina la safu kutoka "jina" kuwa "jina_kamili". Kwa macho ya kifaa, safu moja imetoweka na nyingine imezuka. Hakiwezi kujua kwamba ni ileile. Kwa hiyo kinauliza: je, umebadilisha jina la safu? Akijibu ndiyo, safu inabadilishwa jina na kila mkulima anabaki na jina lake. Akibonyeza hapana kwa haraka, kinachoandikwa ni kufuta safu ya zamani na kuongeza mpya. Faili litaonekana safi, litatekelezwa bila kosa lolote, na majina yote yatakuwa yamekwenda. Faili lililoandikwa na mashine linapaswa kusomwa mstari kwa mstari kabla ya kutekelezwa, kila mara, hata kama lina mistari minne.

Swali jingine ambalo kifaa huuliza ni la safu ya lazima. Modeli mpya inadai kila mkulima awe na tarehe ya kuzaliwa. Wakulima waliomo hawana. Kanzidata haikubali safu ya lazima yenye nafasi tupu, kwa hiyo kifaa kinaomba thamani ya kujazia. Kishawishi ni kuandika tarehe yoyote, mathalani Januari 1, 1970, ili kazi iendelee. Matokeo yake ni jedwali lenye wakulima wengi waliozaliwa siku moja, na miaka miwili baadaye mtu anakokotoa wastani wa umri na kuupeleka kwenye ripoti. Nafasi tupu husema ukweli kwamba taarifa haijulikani; tarehe ya kubuni husema uongo ambao hauna alama. Safu iruhusiwe kuwa tupu kwanza, taarifa zikusanywe kwa wenye nazo, na ulazima uwekwe baada ya nafasi kujaa.

Mpaka hapo kinachobadilika ni umbo. Kazi ngumu zaidi ni pale thamani zenyewe zinapotakiwa kubadilika. Kwa hili fremuweki huruhusu faili la uhamishaji kubeba kipande cha msimbo kinachopita kwenye mistari na kuirekebisha. Kipande hicho kina kanuni moja ambayo wengi huivunja: kisitumie modeli ya leo, kitumie modeli jinsi ilivyokuwa wakati ule. Sababu iko wazi. Faili hilo litatekelezwa tena baada ya miaka miwili, kwenye kompyuta ya mwajiriwa mpya anayejenga kanzidata kutoka mwanzo. Wakati huo modeli ya leo itakuwa na vipengele ambavyo jedwali, likiwa katikati ya historia yake, bado halijavipata. Django hukabidhi modeli ya kihistoria kwa ajili hiyo hasa.

Suala la Mbozi linaonyesha jinsi msimbo mfupi unavyoweza kubeba maamuzi mazito. Mistari yenye mkoa wa Mbeya na wilaya ya Mbozi, Momba au Ileje inabadilishwa kuwa Mkoa wa Songwe. Hiyo ni rahisi. Lakini kuna wakulima walioandikwa mkoa wa Mbeya tu, karani akaruka wilaya. Hao hawawezi kuamuliwa na msimbo. Waachwe kama walivyo, watiwe alama, na karani awatafute kwa simu. Kisha kuna swali la ripoti za zamani. Kahawa iliyopimwa mwaka 2014 ilipimwa katika Mkoa wa Mbeya, na ripoti iliyotiwa saini mwaka ule inasema hivyo. Mkoa ukibadilishwa tu kwenye mstari wa mkulima, ripoti ya 2014 ikichapishwa leo itataja mkoa ambao haukuwepo. Dawa ni kuutoa mkoa kwenye mstari wa mkulima kabisa. Mkulima anabaki na wilaya, na jedwali la pembeni linaeleza kwamba Mbozi ilikuwa chini ya Mbeya hadi tarehe fulani, na chini ya Songwe kuanzia tarehe inayofuata. Siku mipaka itakapobadilika tena, kitakachoongezwa ni mstari mmoja tu.

Majina ya watu nayo yana ugumu wake. Mfumo ulikuwa na safu moja ya jina kamili. Sasa unatakiwa kuwa na jina la kwanza, la kati na la ukoo, ili ulingane na kitambulisho cha taifa. Mwanaprogramu anaandika msimbo wa kukata kwenye nafasi. Asha Juma Mwakyusa anakatika vizuri. Juma Athumani ana majina mawili: la pili ni la kati au la ukoo? Mwanaisha binti Said bin Hamad anagawanywa vipi? Na yule aliyeandikwa Mchungaji mwanzoni? Pengine karani mmoja alitanguliza jina la ukoo, kama yanavyoitwa majina darasani, na mwingine akalimalizia. Hakuna kanuni itakayoyapatia yote, na kosa la hapa humgusa mtu mwenyewe siku anapokwenda kudai malipo na jina lisilingane. Njia ya busara ni kuongeza safu tatu mpya zikiwa tupu, kuiacha ya jina kamili mahali pake, na kuzijaza kila mwanachama anapofika dirishani na kitambulisho mkononi. Itachukua msimu mzima au miwili. Ni polepole, na ndiyo sahihi.

Uvumilivu huohuo ndio msingi wa njia ya kubadilisha jedwali bila kuzima programu. Scott Ambler na Pramod Sadalage waliieleza kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 2006, Refactoring Databases: umbo la zamani na jipya huishi pamoja kwa kipindi cha mpito. Kwanza safu mpya inaongezwa, bila ulazima. Kisha linapelekwa toleo la programu linaloandika kwenye safu zote mbili na bado linasoma ya zamani. Halafu mistari ya zamani inajazwa kidogokidogo, elfu moja kwa wakati, na kupumzika kati ya fungu na fungu ili watumiaji wasisikie uzito. Thamani zikishalinganishwa na kuthibitika, programu inahamishiwa kusoma safu mpya. Mwishoni kabisa, siku au wiki kadhaa baadaye, uandishi wa safu ya zamani unasimamishwa na safu inafutwa. Hatua hizi zinaonekana nyingi kwa jambo dogo kama kubadilisha jina la safu. Lakini programu inayoendeshwa na seva kadhaa hupokea toleo jipya seva moja baada ya nyingine, na kwa dakika hizo msimbo wa zamani na mpya hugusa jedwali lilelile. Badiliko linaloweza kuhimiliwa na msimbo mmoja tu kati ya hiyo miwili litawaangusha watumiaji wa mwingine.

Aina ya kanzidata nayo ina neno lake. Katika PostgreSQL, mabadiliko mengi ya jedwali yanaweza kufungwa pamoja: hatua ya nne ikishindikana, tatu za kwanza zinafutika kana kwamba hazikutokea. Katika MySQL kila amri ya kubadilisha jedwali hujithibitisha papo hapo, hivyo faili likifeli katikati huacha jedwali nusu jipya nusu zamani, na mtu analazimika kulimalizia kwa mkono. SQLite kwa muda mrefu haikuweza hata kufuta safu; uwezo huo ulikuja mwaka 2021. Django iliizunguka shida hiyo kwa kuunda jedwali jipya, kunakili kila kitu, kufuta la zamani na kulipa jipya jina lake.

Kinachowashangaza wengi ni kufuli. PostgreSQL inapobadilisha jedwali, mara nyingi hulifunga kabisa kwa muda, hata kusoma hakuruhusiwi. Kuongeza safu tupu huchukua chembe ya sekunde, kwa hiyo msimamizi anaona hakuna hatari. Lakini ikiwa wakati huo kuna ripoti ndefu ya mwisho wa mwezi inayosoma jedwali hilo, amri ya kubadilisha inasubiri ripoti iishe, na kila ombi jipya linapanga foleni nyuma ya amri hiyo. Programu nzima inasimama kwa ajili ya badiliko la chembe ya sekunde. Kinga yake ni kuweka kikomo cha kusubiri, sekunde mbili tatu, amri ijikatie tamaa na kujaribu tena baadaye. Zamani kulikuwa na mtego mwingine: kuongeza safu yenye thamani ya kuanzia kulilazimisha jedwali zima liandikwe upya, jambo ambalo PostgreSQL 11 ya mwaka 2018 ililimaliza kwa hali nyingi. Faharasa ya jedwali, inayoharakisha utafutaji, nayo iundwe kwa ile namna isiyozuia uandishi, hata kama inachukua muda zaidi. Kwa majedwali makubwa ya MySQL, GitHub walitoa kifaa kiitwacho gh-ost mwaka 2016, kinachojenga nakala ya jedwali pembeni, kuilisha mabadiliko yanayoendelea, kisha kubadilishana majina mwishoni.

Wapo wanaoliepuka suala zima kwa kutokuwa na umbo thabiti. DHIS2, mfumo wa taarifa za afya uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, hauongezi safu wizara inapobuni fomu mpya. Kila swali la fomu ni mstari kwenye jedwali la maswali, na kila jibu ni mstari kwenye jedwali la majibu. Kwa mfumo ambao kila nchi ina fomu zake na huzibadilisha mara kwa mara, huo ni uamuzi wenye hekima. Kanzidata ya MongoDB nayo huhifadhi nyaraka ambazo si lazima zifanane. Waraka wa 2018 na wa leo hukaa bega kwa bega. Hata hivyo kazi haijatoweka, imehamia kwenye msimbo, ambao sasa unatakiwa kujua kusoma kila umbo lililowahi kuwepo. Programu ya kawaida yenye mambo yanayojulikana, mkulima, mzigo, malipo, inafaidika zaidi na jedwali lenye safu zilizotajwa.

Kurudi nyuma ni ahadi inayoaminiwa kupita kiasi. Faili la uhamishaji huweza kuwa na upande wa kwenda na upande wa kurudi, na kwa umbo pekee upande wa kurudi hufanya kazi. Safu iliyofutwa itarudishwa, lakini itarudi tupu. Kinachoweza kurudisha data ni nakala rudufu peke yake, na nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa haina uhakika wowote. Kabla ya uhamishaji unaogusa thamani, nakala ichukuliwe, irejeshwe kwenye seva nyingine, na uhamishaji ufanyiwe majaribio huko, kwa wingi ule ule wa mistari. Jaribio la mistari kumi ya kubuni halionyeshi muda utakaotumika, wala halimkuti Mwanaisha binti Said bin Hamad.

Jaribio hilo lina sharti la kisheria pia. Nakala ya kanzidata ya wakulima ina majina na namba za simu za watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kuibeba nakala hiyo kwenye kompyuta mpakato ya fundi si jambo la kufanywa kiholela. Majina na namba zifichwe au zichanganywe kabla nakala haijatoka, na seva ya majaribio ilindwe kama seva halisi.

Ushirika, hospitali au shule inayonunua mfumo leo haina haja ya kuelewa SQL ili kujilinda. Inatosha mkataba umtake muuzaji akabidhi mafaili ya uhamishaji pamoja na msimbo, aonyeshe nakala rudufu ikirejeshwa mbele ya wenye data, na asifute safu yoyote ya zamani kabla makarani wanaoitumia hawajathibitisha kwamba mpya ina kila kitu.